Kabati la Bibi Harusi

Wapendwa, kaeni vizuri niwape kisa cha kabati. Wale ambao la kwenu halifungi, msinitazame hivyo, si lenu.

Kulikuwa na seremala mmoja, hodari kweli, mwenye karakana na mafundi wenzake watatu. Kila asubuhi aliwakusanya, akawaeleza kazi yote yeye mwenyewe, kisha akauliza, "Tuko pamoja?" Nao wakaitika, "Pamoja!" Basi akaenda zake amefurahi, anajiona bosi anayesikiliza watu.

Siku moja akapata kazi ya kabati la bibi harusi. Milango mitatu, kioo katikati, na juu taji la nakshi lililotokeza mbele na pembeni. Lilitakiwa liwe ndani ya nyumba mpya kabla maharusi hawajaingia, na baba wa binti alikuwa ameshautangazia ukoo mzima. Seremala akachora, akaeleza, akauliza, "Tuko pamoja?" Pamoja. Wakapiga randa, wakapiga msasa, wakapaka vanishi. Likapendeza hata mafundi wakawa wanapita kwenye kile kioo kuchana nywele.

Siku ya harusi gari likaja. Wakalinyanyua mpaka mlangoni mwa karakana. Halitoki. Wakaligeuza ubavu, halitoki. Wakalilaza chali, wapi. Na nje mashangazi wa bibi harusi, waliokuja na gari, wameshaanza vigelegele. Mashangazi mnawajua nyinyi. Utawaambia nini?

Yule seremala akakaa juu ya mbao, jasho linamtiririka, aibu imemshika kwelikweli. Akasema taratibu, "Jamani, nimekwama. Ninyi mnaona nini ambacho mimi sikioni?" Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanyamaza, akangoja.

Fundi mmoja akakohoa. "Bosi, taji linafunguka. Nililifunga kwa skrubu tu, sikutia gundi. Nilijua mlangoni tutakwama."

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu ulipotuonyesha mchoro. Sote tulijua."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza hilo, bosi. Ulituuliza kama tuko pamoja. Na tulikuwa pamoja."

Seremala akaangua kicheko mpaka akashika mbavu, na wenzake nao wakacheka. Taji likafunguliwa, kabati likapita, na mashangazi wakalipokea kwa shangwe utadhani wamelizaa wao. Tangu siku hiyo, kabla mbao haijakatwa, swali lake likawa moja: "Hapa tutakwama wapi?" Na kila fundi alikuwa na la kusema.

Na sisi je? Kazini, nyumbani, kwenye kamati zetu, si tunauliza huku jibu tumeshamwekea mtu mdomoni? "Hii ni sawa, au siyo?" Nani atainuka mbele za watu aseme siyo? Kesho muulize mwenzako, "Ingekuwa kazi yako, ungebadilisha nini?" Halafu funga mdomo. Kimya kikikuchoma, kivumilie, maana mwenzako ndipo anapofikiri. Mungu hakumpa mtu mmoja macho yote, na mimi namshukuru kwa hilo, kwa sababu ningechoka.

Leo baada ya ibada mtaonyeshwa ramani ya jumba jipya la watoto wetu. Nimeichora mimi na wazee wa kanisa, na tunaipenda sana. Wapendwa, tuko pa...

Naona midomo imeshafunguka. Ifungeni kwanza. Mama wa kwaya, tuanze na wewe. Tutakwama wapi?