Kila Tonge na Mboga Yake

"Kila tonge na mboga yake." Mmeusikia mkutanoni asubuhi hii mkacheka, mkadhani mpishi anatangaza chakula. Haya, geuzeni viti. Msemo huo ulizaliwa humu humu ofisini, mbele ya ubao ule wa kadi, enzi hizo nyinyi mnajifunza kutembea. Ulizaliwa hivi.

Kiongozi wa waandishi wa programu alikuwa Lugano. Chama kimoja cha wafugaji wa milimani kiliomba mfumo wa simu, na ombi lao likaandikwa kwenye kadi moja: "Kama mfugaji, nataka kujua mambo yote ya maziwa yangu." Mambo yote, jamani! Kadi ikabandikwa ubaoni Januari. Kila baada ya wiki mbili ilisogezwa hadi awamu inayofuata, kazi yake haijaisha, mpaka Lugano akaona haya kuitazama.

Mjinga hakuwa. Aliona kazi ni kubwa, akaikata vipande vitatu: huyu atengeneze ghala la kumbukumbu za kompyuta, yule kurasa za kutazama kwenye simu, wa tatu meseji. Akajipongeza, eti kazi sasa imegawanyika. Ikafika Mei.

Jumatano moja mchana akaingia Mama Tusajigwe, mjumbe wa chama, ana ndoo tupu mkononi. Alfajiri alikuwa ametembea mwendo wa saa mbili hadi kituo cha maziwa, akakuta tangi limejaa, akamwaga maziwa yake mtaroni. Mara ya tatu wiki ile!

Lugano akamwamkia, akamwonyesha ghala lake kwa fahari. Mama akayakodolea macho majedwali.

"Mwanangu, mimi hapo nabonyeza wapi?"

"Bado, mama. Kurasa na meseji zitaungana nalo mwezi wa nane."

"Wa nane! Mimi Jumamosi nampeleka Tumaini mnadani. Ng'ombe wangu ni huyo huyo mmoja, lakini siwezi kukamua ili nimwage."

Bahati nzuri ugali na matembele vikaletwa, Lugano akamkaribisha mezani. Mama hakula. Alimtazama Lugano akimega, akichovya, akitia mdomoni.

"Kumbe unajua!" akasema.

"Najua nini, mama?"

"Kumega. Mbona huli ugali wote leo, mboga ukaisubiri mwezi wa nane? Mimi umenipa ugali mkavu, mboga umempa mwenzako aishikilie. Nitamezaje? Kila tonge na mboga yake, mwanangu, ndipo hushuka."

Mkono wa Lugano ukasimama njiani.

"Mama, asubuhi kabla hujajitwisha ndoo, ni jambo gani moja ungependa kulijua?"

"Moja tu? Kama tangi lina nafasi. Likiwa limejaa, nabaki nyumbani nagandisha mtindi. Basi!"

Lugano aliruka hata mikono hajanawa. Aliing'oa ile kadi akaichana, akaandika nyingine yenye alama ya mchuzi pembeni: "Kama mfugaji, nataka kujua kama tangi lina nafasi kabla sijatoka nyumbani." Akawaita wenzake wote kwenye meza moja. Ghala dogo, kitufe kimoja cha msimamizi wa tangi, meseji moja kwa wafugaji. Hayo mengine yote yangoje! Ijumaa alasiri kitufe kikabonyezwa kwa majaribio, simu zote mezani zikalia kwa pamoja, na watu wazima wakarukaruka na kukumbatiana.

Lakini Jumamosi chai ilimshinda Lugano. Je, kama meseji haikufika kule mlimani? Je, kama Tumaini yuko njiani na kamba shingoni? Saa tatu simu ikalia.

"Mama! Uko mnadani?"

"Mnadani nifuate nini? Niko kituoni, na ndoo yangu tupu! Meseji ilisema njoo, nikaja, wamepokea mpaka tone la mwisho. Tumaini nimemwacha anakula majani yake."

Lugano alipiga yowe, majirani wakachungulia dirishani.

"Acha kelele, mwanangu, nisikilize. Tonge la kwanza limeshuka. La pili liko wapi?"

"Linakuja, mama! Liwe la ukubwa gani safari hii?"

"Dogo dogo tu, nisije nikapaliwa. Ila usisahau: kila tonge na mboga yake."