Kidawa Kwenye Meza ya Vionjo

Palikuwa na sultani mmoja, Ngwali bin Haji, mnene wa mwili na mwembamba wa subira, aliyejiletea mpishi kutoka mbali. Mpishi huyo hapiki chakula kama mnavyokijua nyinyi. Anapika vionjo. Unakaa, unaletewa sahani pana kama ungo, katikati pana kidude ungedhani kimedondoka kwa bahati mbaya. Unakionja. Sahani inaondoka. Inakuja nyingine. Na kiti kimoja katika nyumba ya kulia aliyofunguliwa na Sultani unakipata kwa mbuzi wa maziwa, tena uweke nafasi mwezi mzima kabla!

Viti vikabaki vitupu. Watu hawajui panafaa au hapafai, na mbuzi wa maziwa si kitu cha kubahatisha. Sultani akahamaki. Akaamuru mtaa wa wasusi wa mikeka utoe mtu mmoja aje ale bure, kisha aseme mbele ya watu. Akisema panafaa, mtaa mzima uweke nafasi siku hiyohiyo, kila nyumba na mbuzi wake. Akisema hapafai, afungwe, maana amemtukana Sultani ndani ya chungu chake.

Mtaa ukatazamana. Halafu wote wakamtazama Kidawa.

Kidawa binti Shomari alikuwa mjane, msusi wa mikeka, ana mbuzi mmoja na wajukuu wanaokunywa maziwa ya mbuzi huyo. Mdomo wake ulijulikana hadi ng'ambo ya soko.

"Nenda wewe, shoga," wakamwambia. "Huko gerezani utawachosha hata walinzi."

"Nitakwenda," akasema. "Lakini gerezani siingii, na mbuzi simtoi."

"Sasa utasema nini?"

"Nikianza kulifikiria hilo, nitakula kwa raha gani?"

Siku ilipofika, watu walijaa madirishani. Sultani alikaa mezani mwenyewe, ale pamoja na Kidawa, amwone anavyostaajabu. Tangu alfajiri hakutia kitu kinywani. Mpishi alimkataza, asije akauharibu ulimi wake. Pembeni aliketi Kadhi Mwinyimvua, kuandikisha ushuhuda.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Kaa. Leo utajua kula."

Ikaja sahani ya kwanza. Choroko moja imelala juu ya tui.

"Mwenzake yuko wapi?" akauliza Kidawa.

"Hana mwenzake," akajibu mpishi. "Hiyo imechaguliwa."

"Maskini! Imekosa nini?"

Madirishani watu wakaguna kwa kicheko. Ikaja sahani ya pili: kipande cha nguru, ukubwa wa ukucha. Mpishi akaanza kumweleza nguru huyo, alivyovuliwa, alivyooshwa, alivyopumzishwa kwenye ndimu. Alipomaliza, Kidawa alikuwa amekwisha kumeza zamani.

"Endelea tu, baba," akamwambia. "Maelezo ndiyo yana minofu."

Ya tatu ikaja imefunikwa. Mpishi akafunua kwa madaha. Mvuke ukatoka, ukazunguka, ukaenda zake dirishani. Sahani tupu.

"Ni nini hii?"

"Pilau, bibi."

"Iko wapi?"

"Ndiyo iliyopita."

"Subhanallah! Mbona hukuniambia niishike mkia?"

Sahani zikaja, zikaenda, mpaka ya mwisho: tone la asali juu ya jani la mrehani. Sultani akajipangusa midomo isiyokuwa na kitu.

"Haya, Kidawa. Sema watu wasikie. Panafaa, au hapafai?"

Walinzi mlangoni wakashika pingu. Wasusi madirishani wakawaza mbuzi wao.

"Mtukufu," akasema Kidawa, "ulimi wangu unashuhudia: chakula ni kitamu, haujaonja mfano wake."

"Basi panafaa!" Sultani akapiga meza. "Andika, Kadhi!"

"Taratibu, Mtukufu. Huo ni shahidi mmoja. Bwana Kadhi, shahidi mmoja anatosha?"

Kadhi akakohoa. "Hatoshi. Sharti wawili."

"Basi mlete wa pili!" akafoka Sultani.

"Wa pili ni tumbo. Chakula kimepita kwa ulimi, kimekwenda kukaa tumboni. Aliyepitiwa tumemsikia. Tumsikie na aliyefikiwa na mgeni."

"Haya, tumbo lako linasemaje?"

"Langu halifai kushuhudia, Mtukufu. Nikisema limeshiba, wataambiana naogopa pingu. Nikisema lina njaa, wataambiana namwonea uchungu mbuzi wangu. Si hivyo, Bwana Kadhi?"

"Ndivyo," akasema Kadhi. "Mwenye maslahi hashuhudii."

"Basi tunataka tumbo lililokula hikihiki, sahani kwa sahani, lisilo na mbuzi wa kupoteza wala gereza la kuogopa."

Sultani akacheka. "Mji huu mzima, tumbo la namna hiyo utalitoa wapi?"

Kabla hajafumba kinywa, likasikika: *ngruuuuu*.

Sultani akajikohoza kwa nguvu, akavuta joho, akajiinamia. Tumbo halikujali. Likarudia, refu zaidi, na mwishoni likapanda sauti kama linauliza swali. Madirishani watu wakang'ata vilemba vyao wasicheke.

Sultani akamgeukia Kadhi, macho yamemtoka.

Kadhi wa watu akatazama dari, akatazama kalamu. "Shahidi wa pili," akasema kwa sauti ya chini, "amesema hapafai."

"Mwongo!" Sultani akasimama, uso umemwiva. "Nilitoa amri! Aliyesema hapafai afungwe, afungwe sasa hivi!"

Walinzi wakatazamana na pingu zao, hawajui waanzie wapi.

"Mimi nimesifu, wote mmenisikia," akasema Kidawa, akiinuka na kujifunga kanga. "Mfungeni huyo aliyekataa. Ila mchukueni polepole, wanangu, msimsukume: Mtukufu ndiye aliyembeba."