Kuhani Aliyekunywa wa Kwanza

Paukwa?

Pakawa.

Palikuwa na maji?

Yalikuwapo.

Ya nani?

Haya, hapo hapo ndipo penye ngano. Sikilizeni.

Hapo zamani za kale, katika nchi ambayo kila mti na kila mto ulikuwa na kuhani wake, palikuwa na chemchemi chini ya jabali. Kuhani wake alikuwa Korongo. Kazi yake ilikuwa kuyasikiliza maji: yakipungua aseme, yakichafuka aseme. Na mwiko wake ulikuwa mmoja tu: kuhani hunywa wa mwisho, baada ya sisimizi wa mwisho.

Mwaka mmoja jua likawaka, nyasi zikawa makapi. Digidigi alikuwa na mtoto mmoja, ulimi umemkauka hata kulia hawezi. Akampeleka chemchemini. Wanyama wote wako pale, na Korongo amesimama njiani, mabawa wazi.

"Shikamoo, Mzee Kuhani. Mwanangu ana kiu."

"Rudi, mama. Chemchemi imekasirika. Inataka majani mabichi."

Wanyama wakahangaika, wakaleta majani.

Siku ya pili Korongo akasema, "Bado imekasirika. Inataka asali."

Wakaleta asali. Nyuki walimuuma Nyati mpaka macho yakafumba.

Siku ya tatu akasema, "Bado. Kuna mkosaji kati yenu. Mtafuteni."

Basi Fisi akamtazama Ngiri, Ngiri akamtazama Nungunungu. Wenye kiu wakaanza kutafutana ubaya wao kwa wao.

Digidigi akatega sikio. Mwanawe hasimami tena. Na sauti hii ya kuhani, akawaza, mbona laini hivi? Sisi tunakwaruza kama majani makavu, yeye anatoa wapi sauti ya kuimbia?

Akasogea mbele. "Mzee, mimi ni mdogo, unisamehe. Wewe si hunywa wa mwisho?"

"Ndivyo."

"Na sisi hatujanywa siku tatu."

"Ndivyo."

"Basi nawe hujanywa siku tatu. Pole, mzee wetu. Kaa nasi hapa juani, utuongoze nyimbo mpaka hasira ziishe."

"Mama kasema," Nyati akaunga mkono.

Korongo akakosa pa kutokea. Akakaa. Wimbo wa kwanza akauimba vizuri. Wa pili, sauti ikakwaruza. Wa tatu, jua liko utosini, akauacha katikati, akaruka mpaka chini ya jabali, akatumbukiza mdomo, akagugumia.

Wanyama wakamfuata. Chemchemi imejaa pomoni, imetulia, haina hasira na mtu.

"Nilikuwa naonja tu," akasema Korongo, maji yakimchuruzika.

"Mwanangu anakufa, wewe unaonja?" akasema Digidigi. "Hukuwekwa hapa uyamiliki maji. Uliwekwa uyasikilize."

Fisi akataka Korongo auawe. Digidigi akakataa. "Mwacheni na kazi yake. Safari hii aifanye."

Mtoto akanywa wa kwanza. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, na Korongo akasimamishwa ukingoni angoje. Foleni ilikuwa ndefu. Mguu ukamchoka, akaukunja. Hata leo ukimwona amesimama kwa mguu mmoja kando ya maji, usidhani anasali. Anangoja zamu.

Basi jamani, anayewahubiria kiu, mtazameni koo lake kwanza. Mlinzi wa kitu cha wote si mwenyewe.

Ngano yangu imefika kisimani. Mwenye kata na achote.