Sauti ya Namba Kumi na Moja

Chama kimoja kilikuwa na watu kumi na saba, na kila mtu alikuwa na namba yake. Kilikuwa chama cha kutembea kwa miguu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu wake waliamka alfajiri, wakapanda basi dogo mpaka kijiji kilicho ukingoni mwa msitu wa pwani, wakaingia msituni na kufuata njia mpaka rasini, mahali miti inapokoma na bahari inapoanza. Huko walikaa kidogo, wakala, kisha wakarudi. Hapakuwa na zawadi wala mashindano. Walikuwa watu wazima wa kawaida: nesi, karani, fundi wa majokofu, mwalimu mstaafu. Wengine walikuja kwa sababu daktari aliwaambia wapunguze uzito. Wengine walikuja kwa sababu nyumba zao zilikuwa kimya mno.

Msitu ule ni mnene, na njia zake zinagawanyika ovyo. Kwa hiyo kiongozi wao, aliyeitwa Mhina, aliweka sheria moja tu. Kila penye njia panda, na kila mara kabla ya kuvuka maji, kundi linasimama na kuhesabiana. Mhina anasema moja, mwenye mbili anasema mbili, na hivyo hivyo mpaka kumi na saba. Mtu hupewa namba siku anapojiunga, nayo haibadiliki. Asipokuja, Mhina anatangaza asubuhi kwamba leo hatuna fulani, na namba yake inarukwa. Na kila mtu anaitika kwa mdomo wake mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria yote, na mtoto wa chekechea angeishika.

Namba kumi na moja alikuwa Bi Mwanahawa. Alikuwa mjane, umri wake umepita sitini, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Alitembea nyuma ya wote. Tulipofika njia panda tulimsubiri, na tulipomsubiri tulinung'unika. Mmoja anatazama saa. Mwingine anasema kanga ya mama imenaswa tena kwenye miiba. Wote tunacheka kidogo, kicheko kile cha watu wema. Kisha anatokea, anahema, anasema "Kumi na moja," na anatuomba radhi. Rasini alifungua bakuli lake la vitumbua na kutugawia wote, na hapo hakuna aliyenung'unika. Nasema "tulinung'unika" kwa kuwa mimi ndiye yule mwalimu mstaafu. Nilikuwa katibu wa chama, na namba yangu ilikuwa kumi na mbili.

Njiani kuna hori, mkono mwembamba wa bahari unaoingia msituni katikati ya mikoko. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa unavuka na kulowana vifundo vya miguu tu. Maji yakijaa, mtu mzima anazama. Siku ile tulijua kwamba ikifika saa tano na robo hori halitavukika tena mpaka jioni. Lakini rasini palikuwa na upepo mzuri, tukakaa kupita kiasi. Tuliporudi horini ilikuwa saa tano kamili, na maji yalikuwa yameanza kuingia kwa kasi, yana rangi ya chai ya maziwa. Watu walivua viatu, wakavitundika shingoni. Mhina, akiwa ameshatanguliza mguu mmoja majini, akasema, "Moja!"

Ikaenda mpaka kumi. Kisha ikawa kimya. Tulielewa sote kwamba Bi Mwanahawa hajafika. Alikuwa nyuma mahali fulani, labda hatua thelathini, labda mia mbili. Maji yalikuwa yanapanda kwenye mizizi ya mikoko, tunayaona. Ndipo sauti ikasema, "Kumi na moja!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Ilikuwa sauti nene ya Hizza, fundi wa majokofu, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye kifua kipana, ambaye hata akinong'ona anasikika upande wa pili wa soko. Yeye alikuwa namba tisa. Alikuwa ameshaitika tisa, na sote tulikuwa tumemsikia akiitika tisa. Mhina, mbele kabisa, maji yakimvuma miguuni, huenda hakutambua sauti. Sisi wengine tulitambua. Katika kundi lile hakuna aliyeweza kudhani kwamba Bi Mwanahawa ana sauti ile.

Baada ya kumi na moja inakuja kumi na mbili.

Ndugu zangu, nimewafundisha wengi wenu, na baadhi yenu mmenikabidhi watoto wenu niwafundishe kusema kweli. Sikilizeni basi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Ningeweza kusema, "Bado mmoja." Ni maneno mawili. Ningeweza hata kunyamaza tu, na hesabu ingekufa mdomoni mwangu, na Mhina angegeuka kuuliza kuna nini. Lakini nilikuwa nimeshakunja suruali. Nilifikiri, yuko hapo tu nyuma, atatukuta ng'ambo. Nilifikiri, ameitika Hizza, si mimi. Nikasema "Kumi na mbili" kwa sauti safi, kama ninavyosema siku zote, na wa kumi na tatu akafuata, na tukavuka.

Ng'ambo hatukumsubiri. Kila mtu aliamini kwamba mwingine anamsubiri. Tulitembea nusu saa mpaka kijijini, kipande kisicho na njia panda, tukafika kwenye basi, na Mhina akatuhesabu tena kabla hatujapanda. Safari hii ilipofika kumi na moja, Hizza aliinamisha kichwa na kufunga mdomo. Kisha Mhina akaanza kukimbia kurudi msituni, na sisi tukamfuata.

Tulimwona. Alikuwa ng'ambo ya pili, ameketi juu ya mzizi mahali pa juu ambapo maji hayafiki, mguu ameunyoosha, bakuli liko pembeni yake. Kati yetu na yeye maji yalikuwa yamejaa, mkondo unazunguka, na hori lilikuwa limekuwa pana kama uwanja wa mpira. Tulimwita. Aliinua mkono mara moja, akaushusha. Mhina alitaka kuogelea, nesi akamshika shati kwa mikono miwili. Mitumbwi ya kijijini yote ilikuwa imekwenda kuvua. Hapakuwa na la kufanya ila kukaa na kungoja maji yapungue, na yalichukua karibu muda wa saa tano.

Kwa hiyo tulikaa, watu kumi na sita upande huu, mtu mmoja upande ule, tunatazamana. Jua lilimpata, akajifunika kanga kichwani. Hakutuita. Hakulia. Angetutukana, ningemshukuru. Baada ya muda nilihama pale nilipokuwa, nikaenda kukaa mahali ambapo shina la mkoko lilikuwa kati ya uso wangu na wake. Nilijiambia nafuata kivuli.

Katika kungoja huko Mhina aliuliza, "Nani aliitika kumi na moja?" Hizza akasema papo hapo, "Mimi." Hakuzungusha maneno. Alisema aliogopa maji, alisema alidhani mama yuko karibu, kisha akashika kichwa. Nasi tulimrukia. Tulimwita muuaji, tulimwita mtu asiye na mama. Kadiri tulivyomkemea ndivyo kila mmoja wetu alivyozidi kupata nafuu kifuani. Mimi sikupiga kelele, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nilisema kwa upole kwamba jambo hili litafikishwa kwenye kamati.

Saa kumi na moja kasorobo jioni maji yalishuka mpaka kiunoni, tukavuka tukiwa tumeshikana mikono. Goti lake lilikuwa limevimba mpaka limepoteza umbo. Mhina alipiga magoti mbele yake. "Mama," alisema, "mbona hukuita? Ulikuwa karibu hivi, ungepiga ukelele mmoja tu!"

Alimtazama bila hasira. Alisema alikuwa hapo nyuma tu penye kona, anajifunga goti kwa kitambaa, na alisikia hesabu tangu ya kwanza. "Nikavuta pumzi niitike, mwanangu. Nikasikia namba yangu imeshaitikiwa. Nikasema, kumbe mnatimia bila mimi."

Tulimbeba kwa zamu. Hizza alimbeba zaidi ya sisi sote, akilia waziwazi, na Bi Mwanahawa akimpapasa bega kama anayembembeleza mtoto mchanga.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Hizza aliitwa, akakiri tena, hakujitetea. Mhina akauliza wangapi wanaunga mkono aondolewe. Nikainua mkono. Kisha nikaandika barua, kwa kuwa mimi ndiye katibu, na mwandiko wangu unasifiwa. Niliandika kwamba mwanachama namba tisa ameonyesha kutojali uhai wa mwenzake, na kwamba chama hakiwezi kuvumilia tabia ya namba hiyo. Niliisoma mara mbili nikaridhika nayo. Nilimpelekea mwenyewe mpaka kwenye karakana yake. Aliipokea kwa mikono miwili akasema, "Asante, mwalimu." Nilirudi nyumbani nikala chakula cha mchana, nikalala usingizi mzuri. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote, kwamba nililala.

Mwezi ukaisha. Jumamosi ya kwanza tulikusanyika kijijini kwenye mwanzo wa njia. Hakuna aliyemtarajia Bi Mwanahawa, lakini alishuka kwenye basi jingine na fimbo mkononi, goti limefungwa bandeji, bakuli lake kwenye kikapu. Tulimshangilia. Nadhani tulimshangilia kwa sababu kuja kwake kulionekana kama msamaha, nasi tulikuwa tunautaka bila kuuomba. Mhina akatangaza, "Leo hatuna sita, yuko msibani. Na tisa tumemwondoa." Kisha akaanza hesabu. Ikaenda mpaka nane, ikaruka tisa, ikasema kumi, ikasimama.

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama katikati yetu, mchana kweupe, mdomo ameufumba. Tulimngoja. Mhina akadhani hajasikia, akasema, "Kumi na moja, Mama."

"Tisa yuko wapi?" akauliza.

"Tumemwondoa, Mama. Kwa ajili yako."

"Mimi sikuwaomba." Aliweka kikapu chini, akajishusha polepole akaketi kwenye nyasi, mguu mbaya mbele. "Siku ile nilisikia sauti mbili, si moja. Ya kwanza ilikuwa na hofu, mtu angeijua tu. Ya pili ikafuata palepale. Haikusita hata kidogo."

Hakunitazama. Hakuna aliyenitazama mwanzoni. Kisha nikaona watu wanahesabu vichwani mwao, kumi, kumi na moja, na macho yakaanza kunijia moja baada ya jingine. Nilikuwa nimevaa kofia mpya. Sijui kwa nini nakumbuka hilo, ila nakumbuka nilitamani sana kuivua. Miaka thelathini na minne nilikuwa nimesimama mbele ya watoto nikiwaamuru waliotenda wajitokeze, na hawakuwahi kujitokeza upesi, na niliwachapa kwa hilo.

Nikasema, "Ni mimi, Bi Mwanahawa."

"Najua, mwalimu," akasema. "Kaa chini tumngoje Hizza."

Nikakaa. Mhina alikunja karatasi yake ya majina, akapanda pikipiki ya mtu wa kijijini, akaenda mjini kumfuata. Mmoja mmoja, wengine nao wakakaa kwenye nyasi, na hakuna aliyetazama saa. Hizza alifika saa nne na nusu, mikono ina grisi, amesimama mbali kidogo kama mtu asiyejua kama amekaribishwa. Maji horini yalikuwa tayari yanajaa. Siku ile hatukwenda popote. Bi Mwanahawa alifungua bakuli, na mimi nilipewa kitumbua changu kama wengine.

Nanyi mlioketi hapa mkiwa mmetimia, niambieni: ni namba ya nani mliyoisikia ikiitikiwa kwa sauti isiyo yake, na ni nani kati yenu aliyekuwa wa kufuata?