Mguu wa Nyati Mkiani

Mwaka huo mvua ilikataa katakata. Mto ulibaki mchanga mtupu, na watoto wa wanyama walilia mpaka machozi yakawaishia. Maji yalikuwa ng'ambo ya korongo tu, na korongo lenyewe halikuwa na njia.

Sungura, fundi asiyeishiwa hila, akaunda eropleni ya mianzi na magome, yenye pangaboi la kuzungushwa kwa miguu. Asubuhi saba aliirusha na mifuko ya mchanga kabla ya kumwamini mtu nayo.

"Maji nitaleta mimi," Fisi akamwambia Mfalme Simba. "Sungura ana vijiguu tu. Ataweza kubeba kibuyu gani?"

Hakusema kwamba alikuwa amenusa mzoga wa nyati huko ng'ambo. Simba akakubali, kwa kuwa Fisi alimwinamia vizuri.

"Basi nisikilize, Bwana Fisi," Sungura akasema. "Vibuyu vyote mbele. Mkiani usiweke hata unyoya. Na mwendo ukipungua, shusha pua. Ukiinua, mabawa yataacha kushika hewa, utaanguka."

"Nimesikia, nimesikia!" Fisi akajibu, mate yakimdondoka.

Akavuka salama. Akajaza vibuyu, akavipanga mbele, kisha akasokomeza mguu mzima wa nyati mkiani. Shibe ya mwezi, bila kugawana na mtu!

Alipokaribia ukingo wa nyumbani, mkia ulilemea na pua ikaelekea mawinguni. Mwendo ukafifia, mabawa yakaanza kutetemeka.

"Shusha pua!" Sungura akapiga kelele kutoka chini. "Tupa ulichoficha nyuma!"

"Nyuma hakuna kitu!" Fisi akajibu. Ili apunguze uzito, akatupa vibuyu vya mbele, kimoja baada ya kingine. Cha mwisho kilipasukia kichwani pa Simba. Eropleni ikasimama wima, ikaja chini kwa mkia hadi kwenye kichaka cha miiba, na ule mguu ukabingirika mpaka mbele ya mfalme.

Simba akajifuta manyoya. "Maji gani haya, yenye kwato?"

Watoto wenye kiu hawakucheka, na jambo hilo lilimuuma sana Sungura. Akaunga mianzi siku nzima. Kesho yake akashika usukani mwenyewe, na Fisi akafungwa kwenye pua ya eropleni, awe uzito wa mbele na azungushe pangaboi. Walileta maji safari tano, na mara zote tano Fisi alipitishwa juu ya mzoga, akiwatazama tai wakiula bila haraka.

Tamaa mbele, mauti nyuma.