Jiwe la Kambare na Mdomo wa Bi Perege

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa na majumba na baraza zao kama sisi... Wewe mwenye kaptura ya bluu, acha kumfinya mwenzio! Ukimfinya tena naacha hapa hapa, na hutamjua mama aliyewameza watoto wake.

Eeh! Mmenyamaza sasa.

Basi, palikuwa na kijito kimoja. Kilitoka mlimani mbio mbio, na mwishoni kikaporomoka kwenye bwawa la tope, pwaa! Katikati yake lilikaa jiwe jeusi, kubwa kama sufuria la arusi. Nyuma ya jiwe lile maji yalitulia tuli. Lakini huku na huku mkondo ulipita shwaa, umebeba mabuu, visubi na kumbikumbi waliodondoka majini. Aliyekaa pale alitoa kichwa tu, nyaku! akarudi ndani kupumzika.

Desturi ya kijito ilikuwa moja. Kila asubuhi mkubwa kuliko wote alichagua kikao kwanza, kisha anayemfuata, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Mdogo akithubutu kukaa pa mkubwa, alitafunwa mkia.

Mkubwa alikuwa Mjomba Kambare, ndevu nane, kichwa kama kinu. Jiwe lilikuwa lake. Wa pili alikuwa Ningu, yeye alikaa chini ya mzizi wa mkuyu. Na wa mwisho kabisa alikuwa Bi Perege, hajai hata kiganja changu hiki. Kwake kilibaki kikao kilichokataliwa na wote, katikati ya mkondo, maji yanakopiga bila huruma.

Sasa sikilizeni vizuri. Mama perege hulea watoto mdomoni. Akitaga, huyachukua mayai yake yote na kuyafumbata kinywani, na hali kitu mpaka watoto waweze kuogelea. Kwa hiyo lazima anenepe kwanza. Na mwaka uliotangulia Bi Perege hakunenepa. Siku ya tisa njaa ilimpiga, macho yakamzunguka, akapitiwa. Alipozinduka mdomo ulikuwa mtupu na tumbo limejaa.

Ndiyo! Aliwameza! Mbona mnaziba midomo? Na yeye aliziba wake, masikini. Alilia kijito kizima kikamsikia.

"Mwaka huu sitawameza," alijiapiza. "Wallahi siwamezi!"

Akaanza kuchunguza. Mkondoni alinasa mabuu arobaini tangu jua lichomoze mpaka likae utosini, na bado tumbo lilimlia ngru, ngru. Mchana mmoja Kambare alikwenda kumtembelea mkwewe. Bi Perege akajiiba, akajibanza nyuma ya jiwe. Akanasa mabuu kumi tu. Kumi! Akashiba mpaka akasinzia.

"Ala!" akashtuka. "Kumbe mkia ndio unaokula chakula changu! Napiga maji kutwa nzima ili nisizolewe, na chote nilichokula kinaishia humo."

Kesho yake alikwenda mlangoni kwa Kambare.

"Hodi! Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mkia wako umeuchoka?"

"Sijaja kukaa, mjomba. Nimekuja kuomba radhi, maana naona haya. Mimi mdogo wenu nakula kuliko wewe."

"Unasemaje?"

"Hebu hesabu mwenyewe. Wangapi umenasa tangu asubuhi?"

Kambare akahesabu kwa ndevu zake, akazimaliza, akaanza tena. "Kumi."

"Mimi arobaini."

"Mwongo mkubwa!"

"Njoo utazame."

Kambare akatoa kichwa, akaangalia mkondoni. Lo! Mabuu walipita makundi kwa makundi, kumbikumbi wakipinduka, visubi wasio na idadi. Taya likamwanguka.

"Lahaula! Mimi, mkubwa wa kijito hiki, nakula kumi, na hiki kisamaki kinakula arobaini? Nani kanifanyia ubaya huu? Ondoka mkondoni mara moja! Kikao kile ni changu!"

"Jamani, mjomba! Na mimi nikakae wapi?"

"Kaa hapa nyuma ya jiwe na vikumi vyako!"

Akatoka kwa kishindo, burururu! Ningu aliyaona yote kutoka mzizini. Kwa haki jiwe lilikuwa zamu yake. Lakini alibetua mdomo.

"Mimi nikae alipopakataa mkubwa? Nimekuwa taka?" Akamfuata Kambare mkondoni. Samaki wengine nao wakafuata, maana palipo na mkubwa ndipo pazuri, hivyo ndivyo walivyolelewa.

Bi Perege akaingia nyuma ya jiwe polepole, ameinamisha uso kama mwenye msiba. Alipofika ndani, akacheka mpaka mapovu yakamtoka.

Siku zikapita. Mkondoni ilikuwa pata pata pata, mikia haipumziki! Kambare alinasa arobaini, siku nyingine hamsini. Siku ya tano Ningu akamtazama kwa ubavu.

"Mjomba, mbona mbavu zinahesabika?"

"Ni maji yanakudanganya macho."

Siku ya kumi kichwa kilikuwa kile kile, kama kinu, lakini mwili umekuwa kamba. Kijito kizima kikapigwa na butwaa.

"Masalale! Anakula hamsini na anakonda!"

"Karogwa huyu!"

Ningu na wenzake walichoka mapema, wakarudi mizizini kimya kimya. Kambare hakurudi. Mkubwa aachie arobaini? Thubutu! Na huku nyuma ya jiwe, Bi Perege alinona, akataga, akayafumbata mayai yake, akafunga mdomo. Ikapita siku ya nane tangu afumbate. Ya tisa. Alihisi njaa, lakini macho hayakumzunguka.

Siku ya kumi na mbili Kambare akaja, anayumba.

"Wewe! Unakula kumi na umenenepa. Mimi nakula hamsini na nimekwisha. Umenifanya nini?"

Kimya.

"Nakusemesha!"

"Mm," akasema Bi Perege, midomo imebana.

Samaki wakashika vichwa. Salaale! Mdogo hamjibu mkubwa!

"Adabu umeitupa wapi? Toka kwenye jiwe langu!"

Bi Perege akatikisa kichwa. Angetokaje? Mkondo ungemfumbua mdomo, na watoto wangezolewa wote. Akajikita nyuma ya jiwe, hakusogea hata kidole kimoja.

Kambare akapandwa na hasira. Akarudi nyuma mpaka mkondoni, ili apate nafasi ya kumrukia. Akakaza mwili, akapiga mkia...

Mkia haukuitika! Nguvu zilikuwa zimekwisha zote. Maji yakamgeuza tumbo juu, yakamzoa. "Nishikeni! Ningu, nishike!" Nani amshike? Alipita mzizi, akapita mkuyu, akafika kwenye poromoko. Pwaa! Tope likamfunika, na mpaka leo anakaa topeni.

Ndipo Bi Perege alipofumbua mdomo, taratibu. Akatoka mmoja, mdogo kama punje ya mchele, ana macho. Akatoka mwingine. Wakatoka mia na zaidi! Wote wazima, hakuna aliyemezwa. Mama yao akawaonyesha vijiwe vidogo, kila mtoto nyuma ya kijiwe chake.

Ningu alikuwa bado ameachama. "Bi Perege, kumbe ulimdanganya mjomba wako!"

"Nilimdanganya nini?" akasema Bi Perege, sauti imekwaruza kwa kukaa kimya. "Nilimwambia mkondoni nanasa arobaini. Hawakuwa arobaini?"

Ningu akahesabu, akahesabu tena, akarudi mzizini kwake.

Basi hadithi yangu imejibanza jiweni. Shikeni hili mwende mkalale: usitazame chakula kinachopita, tazama kinachobaki tumboni.