Fomu ya Kilomita Tatu

Ndugu zangu, hii nimeipokea asubuhi kwenye grupu la wastaafu. Aliyeituma hakusema ameitoa wapi, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimechoka, nikasema nitasoma mistari miwili tu. Nikaisoma yote, kisha nikairudia. Isome taratibu, halafu mpelekee mtu mmoja ambaye kazi imemlemea.

Palikuwa na kituo cha polisi katika mji mdogo wa barabara kuu, ile miji ambayo malori husimama kupimwa uzito na madereva hunywa chai wakingoja. Kituo kilitakiwa kuwa na askari ishirini na wanne. Waliokuwepo ni kumi na wanne.

Hao kumi na wanne walilinda benki, walilinda mizani, walikaa kaunta, walipeleka mahabusu mahakamani na walizunguka sokoni kwa miguu. Askari akimaliza lindo la muda wa saa kumi na mbili, anakuta wa kumpokea anaumwa au yuko safarini na mahabusu, basi anaunganisha na lindo la pili. Kuunganisha lilikuwa neno la kila siku pale. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani, anakujibu, "Sijui, nimeunganisha."

Kila mwaka, mwezi wa tano, mkoa ulileta fomu ya utimamu wa mwili. Kila askari akimbie kilomita tatu kwa dakika zisizozidi kumi na nane, na muda wake uandikwe mbele ya jina lake. Atakayeshindwa apelekwe kwa daktari. Akishindwa tena, aondolewe kwenye lindo apewe kazi ya kukaa. Tuseme kweli, ilikuwa kanuni nzuri. Nani anataka kulindwa na mtu anayehema akipanda ngazi?

Msimamizi wa mazoezi alikuwa Sajenti Mwampamba, mtu mzima mwenye mvi, mpole mpaka basi. Asubuhi za mchakamchaka wa kawaida aliwapanga wazito mbele, ili kikosi kizima kifuate mwendo wao, na nyimbo zikifunika mihemo yao. Lakini siku ya fomu hakuna nyimbo. Kila mmoja hukimbia peke yake na saa.

Mwaka wa kwanza wa fomu aliwatoa uwanjani alfajiri. Wengi walikuwa wametoka lindoni muda huohuo, buti bado zina vumbi. Mzunguko wa pili, konstebo mmoja akakaa kwenye nyasi. Mwampamba alimkimbilia akidhani amezimia. Hakuzimia. Alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, jasho linamtiririka.

Mwampamba alimtazama kijana wa watu, roho ikamuuma. Akapuliza filimbi.

"Nendeni mkalale," aliwaambia.

"Na fomu, Afande?"

"Fomu niachieni mimi."

Akaingia ofisini, akafunga mlango, akajaza muda wa kila mtu kutoka kichwani mwake. Aliijaza kwa ustadi: huyu dakika kumi na tano, yule kumi na sita na sekunde arobaini, ili isionekane imeandikwa na mkono mmoja kwa pumzi moja. Mkuu wa kituo akasaini bila kuinua macho, maana na yeye alikuwa ameunganisha.

Ikawa desturi. Mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, hadi wa tisa. Kwenye karatasi, askari wa kituo kile walizidi kuwa wepesi kadiri umri ulivyosogea. Koplo Nyamhanga, mtu wa kilo mia moja na kitu, kwenye karatasi alikuwa hashikiki. Askari walimpenda Mwampamba kama mzazi. Walisema, huyu ndiye mkubwa pekee anayejua kwamba sisi ni binadamu.

Na kila mwaka, mwezi wa saba, mkuu wa kituo aliandika barua mkoani kuomba askari wa kuongeza. Jibu lilikuja fupi: ombi limepokelewa, halikukubaliwa. Mwaka wa nne ndiyo kabisa, walikuwa bado kumi na saba, mkoa ukachukua watatu ukawapeleka kituo kingine.

"Wakubwa wametusahau," askari walisema.

"Wana roho ngumu," alisema Mwampamba, na alimaanisha.

Mwaka wa kumi akaletwa mkuu mpya, Inspekta Mbilinyi, mama wa maneno machache. Siku yake ya tatu alisimama dirishani akamwona Koplo Nyamhanga akipanda ngazi za kituo. Ngazi zilikuwa tano. Nyamhanga alipumzika kwenye ya tatu, mkono ukutani.

Mbilinyi akaenda kabatini, akatoa fomu ya mwaka jana. Mbele ya jina la Nyamhanga palisomeka dakika kumi na nne na nusu. Akamwita Sajenti.

"Sajenti, huyu Nyamhanga ni yuleyule?"

"Ni yuleyule, Afande."

"Basi Jumamosi tutakimbia, na saa nitaishika mimi mwenyewe. Mrakibu wa mkoa anakuja. Nilimwandikia siku niliyofika kuomba askari, akanipigia simu akasema jibu ataleta kwa mkono wake. Na anataka kuwapa cheti, eti kituo chenye askari imara kuliko vyote mkoani."

Mwampamba alipiga saluti, akatoka, akakaa nyuma ya stoo. Alibakiza miezi saba kustaafu. Miaka thelathini na mitatu ya kazi, na kitu alichokuwa nacho cha kuonyesha ni tepe tatu begani. Mkewe alikuwa amekwisha washonea watoto wa ndugu sare za sherehe ya kumuaga. Fomu zikijulikana ni za uongo, tepe zinavuliwa.

Ijumaa mchana Koplo Nyamhanga alimfuata pale nyuma ya stoo. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa. Ilikuwa ya hospitali, ya miezi mitatu nyuma. Daktari ameandika kwamba moyo umetanuka, mgonjwa apumzike, asikimbie wala asibebe vizito.

"Kwa nini hukuileta?" Mwampamba aliuliza.

"Ningeileta, lindo langu lingewaangukia wenzangu. Na wao hawana pa kuliweka."

"Basi kesho usije."

"Nisipokuja, Inspekta ataanza kuuliza kuhusu mimi, na akiuliza kuhusu mimi atafika kwako. Nitakimbia, Afande. Mizunguko minane tu, nitakwenda polepole, hata nikichelewa nitasema nimekula vibaya. Ukiumbuka wewe miezi saba kabla ya kustaafu, mimi nitamtazamaje mama?"

Alimaanisha mke wa Mwampamba, aliyempikia uji mke wa Nyamhanga alipojifungua.

Sasa hadithi za namna hii hupenda kumfanya mzee kuwa malaika. Huyu hakuwa malaika. Hakumkataza tena. Alimrudishia karatasi yake. Moyoni alikuwa anajiambia kwamba madaktari hutia chumvi, na kwamba mtu akikimbia polepole ni kama anatembea. Alizitaka zile tepe. Aliona aibu kuzitaka, na bado alizitaka.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, wakapangwa kwenye uwanja wa shule. Kumi na wanne, macho mekundu, wanne kati yao wametoka mizani hawajanawa uso. Mrakibu alikaa kwenye kiti chini ya turubai, tumbo limeegemea mkanda, jalada la kituo mapajani. Mezani mbele yake kilikuwapo cheti ndani ya fremu.

Mbilinyi alishika saa. Mwampamba alipewa filimbi.

Nyamhanga alikuwa amejipanga mwisho kabisa. Aliinama kufunga kamba za viatu, na alipoinuka ilibidi amshike mwenzake bega. Kisha akamtazama Mwampamba, akamtikisia kichwa, kumwambia piga tu, niko tayari.

Mwampamba akaweka filimbi mdomoni. Akaitoa. Akaiweka tena.

"Sajenti, tunangoja nini?" Mbilinyi aliuliza.

Yule mzee akaitoa filimbi shingoni, akatembea hadi kwenye turubai, akaiweka mezani mbele ya Mrakibu.

"Afande, hawa watu hawajawahi kukimbia," alisema. "Miaka tisa. Muda wote ulioko kwenye fomu nimeutunga mimi. Na yule Koplo wa mwisho akikimbia leo atakufa. Ana karatasi ya daktari mfukoni."

Mbilinyi alimwendea Nyamhanga, akamshika mkono, akamkalisha chini.

Mrakibu hakufoka. Watu wote walikuwa wamejiandaa kwa kufoka, kwa hiyo upole wake uliwatisha zaidi.

"Kwa nini, Sajenti?"

"Niliwahurumia, Afande. Walikuwa wamechoka. Nikasema wakishindwa watasumbuliwa. Tuliomba askari kila mwaka, hamkuleta hata mmoja. Mlikuwa mmetusahau, nikaona angalau mimi niwapunguzie."

Mrakibu akafungua jalada. Akatafuta, akatoa barua moja, akamkabidhi.

"Soma chini. Ni mwandiko wangu."

Mwampamba akasoma. Ilikuwa barua ya mkuu wa kituo ya mwaka wa kwanza, ya kuomba askari. Pembeni yake palibanwa fomu ya kilomita tatu. Chini, kwa wino wa bluu, paliandikwa: *Fomu inaonyesha askari wote wako imara. Hawajaelemewa. Wapewe vituo vyenye shida zaidi.*

Mrakibu akampa ya pili, na ya tatu. Zote zilikuwa hivyo. Ya nne ilikuwa na mstari mmoja wa ziada: *Wana nguvu za kubakiza, wachukuliwe watatu.*

"Hatukuwasahau," Mrakibu alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nawasoma kila mwaka. Nilisema, watu wanaokimbia hivi lazima wanalala vizuri. Jirani zenu waliandika dakika ishirini na tano, ishirini na nane, wengine wameshindwa kabisa kumaliza. Nikawapelekea wao askari. Hata jana nimemwandikia Inspekta wako jibu, na jibu lilikuwa hapana."

Mwampamba alishika zile barua akawageukia wale kumi na wanne. Mmoja alikuwa ameanza kusinzia akiwa wima. Mzee alilia pale pale mbele ya watu, na hakuna aliyejua amfanye nini.

Mbio zilifanyika Jumamosi iliyofuata, bila Nyamhanga. Walimaliza wawili tu ndani ya muda, mmoja wao Inspekta Mbilinyi. Mrakibu mwenyewe hakukimbia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Fomu ilijazwa kama ilivyokuwa, na ilikuwa fomu mbaya kuliko zote mkoani.

Baada ya miezi mitatu wakaletwa askari wanane. Nyamhanga alianzishiwa dawa, akawekwa kaunta, kwenye kiti chenye mgongo. Ratiba mpya ikabandikwa ukutani, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na safu ya mapumziko.

Mwampamba alishitakiwa kijeshi. Walimwonea huruma kidogo, wakamvua tepe moja. Alistaafu akiwa koplo. Sherehe ilifanyika, watoto walivaa sare zao, lakini yeye hakuvaa sare yake.

Siku ya kuaga kituoni walimnunulia chai na maandazi, na Nyamhanga akasimama kusema kwa niaba ya wenzake.

"Afande, wewe ulitulinda miaka tisa. Hatuna cha kukulipa."

Walipiga makofi. Mwampamba alingoja makofi yaishe. Alionekana mzee kuliko umri wake.

"Nyamhanga, usinishukuru," alisema. "Ningewaacha mshindwe mwaka ule wa kwanza, mwaka wa pili mngekuwa mnalala usingizi."

Funzo: Ukimhurumia mtu aliyechoka, upeleke uchovu wake kwa mwenye uwezo wa kuupunguza. Ukimwandikia kwamba yuko imara, mzigo unaofuata atabebeshwa yeye, na wewe ndiye utakuwa umemtwisha.